Mazungumzo ya watu wa magari Uvira: shule isiyo na ubao

Tunapotaja mila na desturi za kwetu Uvira, wengi wanafikiri mara moja ngoma, mahari, uvuvi wa ndagala na heshima kwa mwami. Ni vizuri. Lakini kuko desturi nyingine tunayoisikia kila siku na hatuihesabu kati ya mila: mazungumzo ya watu wa magari. Pita kwenye parking, kwenye garaji ya chini ya mwembe, au kwenye bariyeri ambako magari yanangojea. Utakuta shofere, konvoyeri, fundi na mwenye gari wako wanabishana juu ya moteri, juu ya freni, juu ya bei ya pine. Mtu anayepita haraka atasema: hawa wanapoteza wakati. Sisi tunasema hapana. Pale kuna historia ya njia zetu, kuna lugha, na kuna mafunzo ambayo yanaokoa uhai.

1. Njia ndiyo ilizaa mazungumzo

Uvira imekaa kati ya ziwa na milima ya Mitumba. Upande wa mashariki Bujumbura iko karibu. Upande wa kaskazini kuna bonde la Ruzizi: Kiliba, Sange, Luvungi, Kamanyola, kiisha kupanda hadi Bukavu. Upande wa kusini njia inafuata ziwa: Makobola, Mboko, Baraka, hadi Fizi. Na bandari ya Kalundu inapokea vitu kutoka Kigoma na Kalemie.

Wakati wa Wabelgiji, bonde la Ruzizi lilikuwa na reli ndogo kutoka Kalundu hadi Kamanyola. Mizigo ilishuka kwenye treni, ikapandishwa kwenye lori ili kupanda mlima. Reli hiyo ilifungwa kabla ya uhuru wa 1960, na tangu hapo kazi yote ya nchi kavu ikabaki mikononi mwa mashofere. Njia nayo ilitunzwa na makantonye, watu wa vijiji waliopewa kila mmoja kipande chake cha barabara, na jembe na mpao. Wazee wetu wanakumbuka kwamba shofere alikuwa anawasalimia kwa honi, kwa sababu alijua gari yake inaishi kwa jembe la wale.

Siku hizo mtu hakuanza kwa kushika volani. Alianza kama boi-shofere. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuchota maji ya radiatere, kulala chini ya lori kwa kulinda mizigo, na kubeba kabari ya mti ya kuweka nyuma ya gurudumu gari ikishindwa kwenye mlima. Alifanya hivyo miaka mingi, huku akisikiliza. Kusikiliza ndiko kulikuwa shule yenyewe.

2. Maneno mawili kwa kitu kimoja

Sikiliza vizuri watu wa garaji za Uvira, utaona ajabu moja. Karibu kila kipande cha gari kiko na majina mawili. Yule aliyejifunza kazi upande wa Bukavu au Bujumbura anasema freni, pine, vitesi, volani, kapo. Yule aliyefanya kazi Kigoma au Dar es Salaam anasema breki, tairi, gia, usukani, boneti. Maneno ya kwanza yalitokana na Kifaransa cha Wabelgiji, ya pili, mengi yake, na Kiingereza kilichopita Tanzania. Yote mawili yamekutana hapa kwetu, kwenye kichwa cha ziwa. Fundi mzuri anayajua yote, na kwa neno la kwanza tu la mteja anatambua gari na mwenyewe wametoka upande gani.

Tena kuko maneno ambayo hayakutoka kwa mzungu yeyote. Gari kwetu iko na mwili. Inakohoa, inakula oili, inakunywa mafuta, inachoka, inakufa, na inafufuka. Si mchezo wa maneno tu, ni njia ya kutafuta ugonjwa. Fundi anaangalia moshi kama vile muganga anaangalia ulimi. Moshi wa bluu: moteri inakula oili. Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa, labda filtre imeziba. Moshi mweupe mzito usioisha hata moteri ikiisha kupata moto: maji yameingia mahali ambapo hayapaswi kuingia. Mambo haya yako pia ndani ya vitabu vya mekanika. Lakini fundi wetu wengi hawakuvipata vitabu hivyo. Waliyapata kwa mdomo wa fundi mwingine.

Sisi wenyewe tulishuhudia jambo usiku mmoja tukitoka Luvungi. Gari ilizimika, abiria wakaanza kupiga kelele, kila mmoja na shauri lake. Shofere akasema: "Wamama, wababa, mnyamaze kidogo, nisikie gari." Tukanyamaza. Akawasha, akasikiliza, akazima, akawasha tena. Kiisha akamwambia konvoyeri: "Ni mafuta haifiki." Walifungua filtre wakaisafisha, na kabla ya nusu saa tukaendelea. Hakuna chombo kingine alichotumia isipokuwa sikio na ufunguo mmoja.

3. Mwenye gari ni nani?

Mabishano makubwa kabisa ya parking si ya moteri, ni ya umiliki. Mwenye gari alilipa pesa, yeye ni patron. Lakini shofere anasema: "Gari ni ya patron, njia ni yangu." Patron anataka malipo ya kila jioni, gari itembee hata siku ya mvua. Shofere anajua kwamba freni zimechoka. Akikataa kutoka, anaweza kupoteza kazi. Akikubali, anaweza kupoteza watu. Hapa ndipo mazungumzo yanasaidia: shofere ambaye wenzake wamesema mbele ya wote "hiyo gari isitoke" anapata nguvu ya kumwambia patron hapana.

Ugumu huu ulikua zaidi wakati wa Zaire. Hatua za tarehe 30 Novemba 1973 ziliondoa maduka na kampuni nyingi mikononi mwa wageni, na baadaye piesi mpya zikawa ngumu kupatikana. Watu wakafuata artikli 15, yaani kila mtu ajitafutie njia. Gari moja iliyokufa ilifufua tatu nyingine. Kiisha vikaja vita vya 1996 na vya 1998. Mafuta yakauzwa njiani ndani ya chupa na mitungi, na wauzaji wake wakapewa jina la makadafi. Hapo mazungumzo ya mafuta yakabadilika: swali la kwanza halikuwa tena bei, lilikuwa "yamechanganywa na nini?"

Tusisahau wamama wafanyabiashara wanaosafiri juu ya mizigo yao. Hawashiki volani, lakini ndio wanaopoteza nyanya na samaki gari ikilala njiani. Kwa hiyo wanajua kila lori kwa tabia yake, na shofere gani anaangalia pine kabla ya kutoka. Sifa ya shofere inatengenezwa na wamama hao.

4. Hekima ya mlima, ya mto na ya volani

Ziwa letu liko kwenye urefu wa mita karibu 770, na Bukavu iko karibu mita 1500. Tofauti hiyo gari inaipanda kwa sehemu kubwa kwenye mlima wa Ngomo, juu ya Kamanyola. Kwa miaka mingi wasafiri wengi walipendelea kuzunguka kwa njia ya Rwanda. Kwa waliopita Ngomo, kulikuwa na sheria moja: "Teremka na vitesi ile ungepandia." Maana yake, moteri yenyewe izuie gari, usiegemee freni mlima wote. Freni ikipata moto sana haishiki tena, na kule chini hakuna wa kuuliza.

Upande wa Fizi adui si mlima, ni mito. Shuka kwanza, ingia na miguu, pima maji. Ukiisha kuingia na gari usibadilishe vitesi katikati, wala usiachilie mafuta. Na kwa gari za zamani za esansi, wazee walitoa mshipi wa ventilatere kabla ya kuvuka, ili isirushe maji kwenye waya za moto.

Kizazi chetu kimeongeza somo lake. Magari mengi tunayopata yametoka Japani, yakapita Dubai au Dar es Salaam, na volani yako upande wa kuume. Lakini Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Shofere anayetaka kupita lori iliyo mbele hawezi kuona njia, mpaka anayeketi kushoto amwambie. Abiria huyo anageuka jicho la shofere. Tena mlango wa taxi-bus unafungukia katikati ya barabara, pale ambapo magari mengine yanapita. Ndiyo maana konvoyeri mwema anashuka wa kwanza na kusimama kama ukuta: "Mtoto asishuke bado!" Hakuna sheria iliyomfundisha. Ni wenzake.

5. Sange, 2010

Sasa tuseme jambo ambalo linatuumiza. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori ya mafuta ilipinduka Sange. Watu walikaribia, wengine na mitungi ya kuchota. Wengine hawakukaribia hata: walikuwa nyumbani kwao, au ndani ya chumba cha video wakiangalia mechi ya Kombe la Dunia. Moto ulipowaka uliwakuta wote. Zaidi ya watu 230 walikufa, na wengi wao walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Hatuandiki haya kwa kuwahukumu marehemu. Umaskini unajulikana, na mwenye nyumba karibu na njia hakuchagua lori ipinduke pale. Lakini kila shofere wa zamani anajua usemi huu: "Esansi inatembea." Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unaingia ndani ya nyumba, na unaweza kukutana na moto mbali na mahali mafuta yalipomwagika. Shofere alijua. Mwalimu wa kemia pia alijua. Lakini sisi walimu tulifundisha mwako ubaoni, na mfano wetu ulikuwa mshumaa. Tulikuwa na njia kubwa ya mafuta mbele ya shule, na hatukuitaja. Yale ya parking yalibaki parking, na yale ya shule yalibaki ndani ya daftari.

Mwisho

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, maneno haya yaandikwe wakati wazee wa volani wangali hai. Kijana wa leo ananunua pikipiki asubuhi na kubeba watu mchana. Hakupita kwenye uboi-shofere, na hakuna aliyemwambia ya mlima wala ya mto. La pili, shule zetu za Uvira na za bonde ziwaalike mashofere na mafundi, hata mara moja kwa mwaka, wakae mbele ya wanafunzi na waongee kama wanavyoongea garajini. Mwalimu aketi pia na asikilize.

Wazee walitupokeza hadithi za simba na sungura ili tujue kuishi porini. Watoto wetu hawaishi porini, wanaishi kando ya barabara. Nao wana haki ya kupokezwa hadithi za mahali wanapoishi.