Juliana na madoa yake

Leo stori za hosteli naziweka pembeni. Lekcha ya juzi ya virusi na saratani imenirudisha nyumbani Rubya.

Sisi watoto wa Muleba jina Juliana tumelikuta kwa wazee. Zilikuwa nguo za fasheni zilizoletwa kutoka Uganda, halafu likageuka jina la ugonjwa. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera. Watu walikonda, na baadhi walitoka madoa ya zambarau kwenye ngozi, hata mdomoni. Mtaani ikasemwa wamerogwa. Madaktari waliyajua madoa hayo: saratani ya Kaposi, aliyoiandika Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872. Ukanda wetu huu ilikuwepo hata kabla ya UKIMWI, ila ilishika zaidi wanaume watu wazima, miguuni, ikaenda polepole. Safari hii ilikimbia, tena kwa vijana.

Ilibidi kusubiri mpaka 1994. Yuan Chang na Patrick Moore, wakiwa New York, wakakuta ndani ya uvimbe ule kirusi kingine kabisa, HHV-8. Hapa ndo patamu. Kirusi hiki kina protini inaitwa LANA. Inazifunga jeni za kirusi kwenye kromosomu zetu, seli ikigawanyika nazo zinasafiri bure kama konda kalala. Tena inaishika p53, protini yetu ambayo kazi yake ni kuiamuru seli iliyoharibika isimame au ife. Mlinzi kafungwa kamba! Mwenye kinga imara anaweza kuishi nacho miaka bila kuumwa. VVU ikishaangusha kinga, ndo madoa.

Watafiti wanasaka dawa ya kuibandua LANA, lakini wodini haijafika. Chanjo nayo hakuna. Wenzetu wa saratani ya mlango wa kizazi wana nafuu: chanjo ya HPV imetengenezwa kwa protini ya ganda la kirusi chenyewe, na wasichana nchi nzima walianza kuchanjwa 2018. Kwa Kaposi silaha kubwa ni ARV. Kinga ikirudi, kwa wengi madoa yanafifia; waliozidiwa wanaongezewa dawa za saratani kama paclitaxel.

ARV za bure Tanzania zilianza 2004. Toka 1983 hesabu mwenyewe, miaka 21. Kwetu kuna migomba iliyobaki mikononi mwa bibi na wajukuu tu.