Majina yetu: toka fishi mpaka seva

Familia mliokimbia vijiji, kutafuta jamaa aliyepotea vitani ni kazi ya zamani. Mwaka 1914 Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi kule Geneva, Uswisi. Majina ya wafungwa wa vita yakajaza mamilioni ya fishi za karatasi. Kuziiba kungehitaji malori.

Leo majina yanakaa ndani ya seva, kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi waliingia katika seva zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000: waliotengana na jamaa, waliopotea, wafungwa. Ikabidi mitambo ya kuunganisha familia izimwe.

Ituri tunajua uzito wa jambo hili. Jina na kijiji vinaweza kuonyesha kabila, na kabila limeua watu.

Tangu tarehe 13 Machi 2023 Kongo ina sheria ya mambo ya dijitali. Inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, na kuomba zisahihishwe. Kujiandikisha kambini kunasaidia. Lakini uliza: jina langu linawekwa wapi, na nani atalisoma?