Radi Ndani ya Sanduku

Mara ya kwanza kuisikia ile radi nilidhani kaseti imeharibika. Tulikuwa barazani, rege inakwenda taratibu, mara kishindo! Sauti ikabaki inatetemeka kama bati lililoangukiwa na embe. Rafiki yangu akacheka: "Siyo kasoro, bwana. Jamaa kapiga springi."

Springi gani tena? Nikaanza kufuatilia.

Kumbe haikuanzia kwenye muziki. Wahandisi wa Bell, huko Marekani, walitumia springi kuigiza jinsi sauti inavyochelewa kwenye simu za mbali. Laurens Hammond, aliyeanza kuuza vinanda vya umeme mwaka 1935, akaichukua. Wateja wake walizoea mwangwi wa kanisani, na sebule zao zilikuwa ndogo, zulia linameza sauti. Umeme wa sauti hutikisa springi upande mmoja. Mtikisiko husafiri, hugonga mwisho na kurudi, tena na tena, na upande wa pili hugeuzwa kuwa umeme. Basi, sebule imekuwa ukumbi.

Miaka ya 1960 kampuni ya Fisher iliuza sanduku la namna hiyo, Spacexpander, kwa wapenzi wa santuri majumbani. Moja likafika Kingston, Jamaika, kwa Osbourne Ruddock, fundi wa redio na amplifaya wa mtaa wa Waterhouse. Dunia inamjua kama King Tubby.

Katika miaka ya 1970 Tubby alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akabakiza besi na ngoma. Neno moja linachomoza, linapotelea kwenye mwangwi. Ndiyo dabu hiyo. Sanduku la Fisher alilifungua akalirekebisha, na alipotaka radi alilipiga, springi zikagongana. Aliuawa kwa risasi Februari 1989, lakini radi yake bado inalia.

Nayaandika haya kwa sababu mwalimu wangu mmoja alikuwa akiyakata kwa wino mwekundu maneno yangu yote ya mtaani. Kwa muda mrefu nilimwona adui, nikamfanya Tubby shahidi wangu: si unaona, kasoro nayo ni ala! Siku hizi nakumbuka pia kwamba Tubby alikuwa fundi kwanza. Alijua kila waya uliomo kabla hajainua mkono. Mimi sarufi nilikuwa sijaifungua hata kifuniko, nikawa nagonga tu.