Onyeama na Eton: Radhi iliyochelewa miaka 48

Juni 2020, wiki chache baada ya polisi kumuua Mmarekani mweusi George Floyd mjini Minneapolis, mkuu wa shule ya Eton, Simon Henderson, alisema amesikitishwa mno na ubaguzi aliofanyiwa Mnigeria Dillibe Onyeama alipokuwa mwanafunzi pale, na kwamba angemwalika ili kumwomba radhi ana kwa ana. Onyeama alikuwa na miaka 69.

Eton ilianzishwa mwaka 1440, jirani na kasri la Windsor, na imetoa mawaziri wakuu 20 wa Uingereza. Jaji Charles Onyeama, aliyekuja kuketi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, alimwandikisha mwanawe huko tangu alipozaliwa, 1951. Kijana mweusi aliyemtangulia, Tokunbo Akintola, aliondoka kabla ya kumaliza. Dillibe aliingia 1965, akahitimu 1969. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufika mwisho.

Alifika kwa shida. Wenzake, watoto wa wakubwa waliovalia makoti meusi marefu kama yeye, walimuuliza kama mama yake huvaa mfupa puani na kama nywele zake zina funza. Akishindwa darasani, sababu ni rangi. Aking'ara michezoni, sababu ni rangi hiyo hiyo. Alipofaulu masomo saba ya kidato cha nne, wakamshuku kuwa ameibia mtihani.

Mwaka 1972, akiwa na miaka 21 tu, aliyaandika yote kitabuni, na jalada akalipa tusi lile lile alilokuwa akiitwa. Mkuu wa shule wa wakati huo, Michael McCrum, akamwandikia barua: ni marufuku kukanyaga Eton kwa sababu ya kitabu hicho. Adhabu ikamwangukia aliyetukanwa! Ilichukua miaka 48 kwa shule yenye walimu wasomi kiasi kile kuona aibu iliyomo katika barua hiyo.

Onyeama mwenyewe alipokea radhi kwa upole, akisema haikuwa ya lazima. Alikuwa ameshajijenga Enugu kama mwandishi na mchapishaji, akiendesha Delta Publications. Penguin walikichapisha upya kitabu chake 2022, kikiwa na jina jipya, na Novemba mwaka huo akafariki. Vijana wetu wanaopelekwa leo kwenye shule za namna ile kwa ada kubwa wanastahili kukisoma kabla ya kupanda ndege, na wazazi wao pia.