Wodi ya Watu Wote

Daktari bingwa wa upasuaji, Sir Lancelot Spratt, anapita wodini na kundi la wanafunzi nyuma yake. Anamfunua mgonjwa tumbo na kuchora mstari mrefu mahali kisu kitakapopita. Mgonjwa macho yanamtoka. Sir Lancelot anamwambia atulie, mambo hayo hayamhusu. Hivyo ndivyo filamu ya Doctor in the House ilivyowachekesha Waingereza mwaka 1954, na kicheko chenyewe kilikuwa na historia.

Miaka sita kabla yake, tarehe 5 Julai 1948, Huduma ya Taifa ya Afya ilikuwa imeanza. Waziri wa Afya, Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa wa Wales, aliziweka hospitali za hisani na za halmashauri chini ya serikali, na mgonjwa akawa anatibiwa bila kudaiwa. Zamani bima ya mwaka 1911 ilimkinga mfanyakazi lakini ikawaacha mkewe na watoto, na hospitalini alikuwapo ofisa wa kumhoji mtu ana uwezo gani wa kulipa. Sasa mlango ulikuwa wazi. Adabu ya ndani, hata hivyo, ilibaki ileile: daktari mkuu mfalme, matroni malkia, na mgonjwa alale kimya, shuka limenyooka.

Aliyeandika kisa cha Sir Lancelot aliijua hospitali kwa undani. Gordon Ostlere alisomea udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew, London, akawa daktari wa dawa ya usingizi, na mwaka 1952 akatoa riwaya ya Doctor in the House kwa jina la Richard Gordon. Betty Box, mmoja wa wanawake wachache sana waliotayarisha filamu Uingereza wakati huo, alikipata kitabu hicho akiwa safarini kwa treni. Wakubwa wa kampuni ya Rank walisita: nani atatoa pesa yake kwenda kutazama hospitali? Box na mwongozaji Ralph Thomas hawakurudi nyuma. Walimchukua Dirk Bogarde, ambaye watazamaji walimkumbuka kama jambazi muuaji wa polisi katika The Blue Lamp, wakamvisha koti jeupe la mwanafunzi mpole. James Robertson Justice, mwenye ndevu na sauti ya kutikisa madirisha, akawa Sir Lancelot. Hakuna filamu ya Uingereza iliyovuta watu wengi zaidi nchini humo mwaka huo, na nyingine sita zikafuata hadi 1970.

Lakini hicho kilikuwa kisa cha madaktari. Aliyechorwa tumbo aliachwa kitandani mwake, na ilichukua miaka mitano kabla kamera haijamgeukia. Cha ajabu, waliofanya hivyo walitoka nyumba zilezile. Peter Rogers, mtayarishaji wa Carry On Nurse ya mwaka 1959, alikuwa mume wa Betty Box. Mwongozaji Gerald Thomas alikuwa mdogo wake Ralph. Na wote walifanya kazi katika studio za Pinewood. Mwandishi Norman Hudis alikuwa na mke muuguzi, na visa vya wodini alivipata nyumbani.

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa filamu hii, ingawa wahakiki wengi waliidharau. Bondia na msomi wa fizikia ya nyuklia wamelala wodi moja, wanakula chakula kimoja, wanaamshwa saa ileile. Usiku mmoja wagonjwa wanaamua kumpasua mwenzao wenyewe, wamtoe kinundu cha mguuni, mpaka gesi ya kulaza inapovuja na wote wanaangua kicheko. Na anayeaibishwa mwishoni ni nani? Ni kanali wa chumba cha peke yake, aliyekuwa akipiga kengele mchana kutwa kwa mambo yasiyo na maana. Wauguzi wanamlaza kifudifudi kana kwamba wanampima joto kwa nyuma, kisha badala ya kipimajoto wanamchomeka ua la dafodili. Matroni anaingia, analikuta. Filamu hiyo iliongoza mauzo ya Uingereza mwaka 1959.

Jambo moja linaniuma. Wakati huo hospitali za Uingereza zilitegemea sana wauguzi kutoka visiwa vya Karibiani, na katika filamu hizi ni kama hawakuwapo. Wodi ya watu wote ilifanywa kichekesho bila sehemu ya watu walioiendesha.

Rogers na Gerald Thomas waliirudia hospitali katika Carry On Doctor, mwaka 1967, ambamo wagonjwa wanaasi waziwazi dhidi ya daktari na matroni. Ukutani mwa hospitali hiyo imetundikwa picha ya James Robertson Justice, heshima kwa jamaa waliotangulia. Matroni ni Hattie Jacques, kama ilivyokuwa mwaka 1959, na mwenyewe wakati wa vita alikuwa muuguzi wa Msalaba Mwekundu. Alirudi tena katika Carry On Matron, mwaka 1972.

Kufikia hapo cheo chenyewe kilikuwa kinatoweka. Ripoti ya kamati ya Salmon ya mwaka 1966 ilipendekeza ngazi mpya za uongozi wa wauguzi, na hospitali moja baada ya nyingine ikamwondoa matroni. Jacques alifariki mwaka 1980. Mwaka 2001 serikali ilipoanza kurudisha matroni, kwa kuwa wananchi walitaka awepo mtu mwenye mamlaka juu ya usafi wa wodi, Waingereza wengi walijua tayari atafananaje: walishamwona Pinewood.