Mkataba wa Sib, 1920: masharti manane na neno lililoachwa

Tarehe 25 Septemba 1920, sawa na 11 Muharram 1339, ilifungwa Sib, magharibi ya Maskati, sulhu iliyomaliza vita vya miaka saba baina ya serikali ya Sultani Taimur bin Faisal na watu wa bara ya Omani. Vita vilianza 1913, alipochaguliwa Imamu Salim bin Rashid al-Kharusi. Januari 1915 watu wake walifika Bait al-Falaj, karibu na Matrah, wakarudishwa nyuma na askari wa Kihindi wa Waingereza. Tangu hapo Sultani alibaki na bandari, Imamu akabaki na milima, wala hapana aliyemweza mwenziwe.

Silaha iliyobaki ikawa ushuru. Tende za bara zilipitia pwani kwenda ng'ambo, na ushuru wake ukapandishwa. Julai 1920 Imamu Salim aliuawa, akachaguliwa Muhammad bin Abdullah al-Khalili, na mlango wa mazungumzo ukafunguka. Kwa upande wa bara alizungumza Sheikh Isa bin Salih al-Harthi. Msuluhishi alikuwa Ronald Wingate, konseli wa Uingereza Maskati.

Kila upande ulijifunga kwa masharti manne. Serikali ya Sultani ilikubali kuwa ushuru wa bidhaa za bara usizidi asilimia 5. Waomani wawe katika amani miji yote ya pwani. Waingie na kutoka bila kizuizi. Na wahalifu waliokimbilia pwani warejeshwe wakitakiwa, wala serikali isiingilie mambo ya ndani ya Waomani. Nao watu wa bara walikubali kukaa kwa amani na Sultani bila kushambulia pwani, kuwapa usalama wafanyabiashara waendao bara, kutowahifadhi wahalifu, na madai ya wafanyabiashara yahukumiwe kwa sharia.

Kwa jamaa wa Unguja na Pemba, ambao wengi asili yao ni bara hiyo, masharti haya hayakuwa siasa tupu. Aliyetoka Sharqiyya au Nizwa kwenda Afrika zama hizo hakuwa na budi kupitia bandarini. Abu Muslim al-Bahlani, kadhi na mshairi wa Unguja aliyeunga mkono uimamu kwa kalamu yake, alifariki mwaka huohuo wa 1920.

Neno moja liliachwa. Sheikh Isa alitia saini kwa niaba ya "Waomani". Cheo cha Imamu, kilichokaribia kuvunja mazungumzo, hakikuwekwa kuwa cha mtawala. Kwa miaka 35 kila upande ulisoma kimya hicho utakavyo. Imamu al-Khalili alipofariki 1954, kimya kikavunjika: Desemba 1955 majeshi ya Sultani Said bin Taimur yaliingia Nizwa, na katika miaka ya 1960 mkataba ukajadiliwa Umoja wa Mataifa. Nchi za Kiarabu ziliona mapatano ya dola mbili; Uingereza iliona Sultani akiwaachia raia wake mambo yao ya ndani.

Maandishi yenyewe hayakati shauri. Kurejeshana wahalifu ni desturi ya serikali mbili. "Mambo ya ndani" si tamko la uhuru. Kimya kile ndicho kilichonunua amani, na deni lake likalipwa na wajukuu. Basi mwenye barua za babu zake azisome kwa hadhari: likitajwa humo "Omani", huenda muradi ni bara peke yake, na Maskati ni kwengine.