Koboko ni Mbali na Wapi? Umbali na Elimu ya Mtoto wa West Nile

Katika maandishi kuhusu elimu ya Uganda, mtoto wa West Nile, eneo la kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, hufika akiwa amekwisha kupewa jina: mtoto wa pembezoni. Hutiwa kapu moja na mtoto wa Karamoja, na sababu za kusoma kwake kwa taabu husomwa kama utabiri wa hali ya hewa redioni: watu wametawanyika, njia ni ndefu, walimu hawapendi kwenda huko. Nadai katika makala haya kwamba maelezo hayo yamegeuza tokeo likawa chanzo. Umbali wa Arua na Koboko umetokana na maamuzi ya kiutawala, mengi yakiwa na tarehe zake, na shule iliyojengwa juu ya dhana ya umbali huo imeshindwa kuona kile ambacho mtoto wa mpakani amekwisha kukijua kabla ya kushika kalamu. Tuanze na hesabu nyepesi. Sensa ya 2014 ilikuta watu wapatao 206,000 katika wilaya ya Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005 na ambayo eneo lake halifiki kilomita za mraba 900. Hao ni zaidi ya watu 220 kwa kilomita moja ya mraba, ilhali wastani wa Uganda nzima mwaka huo ulikuwa kama 173. Ardhi hiyo si tupu. Anayeiita tupu anaitazama akiwa Kampala, mamia ya kilomita upande wa kusini-mashariki, na anachokipima ni safari yake mwenyewe.

Ni kweli kwamba kuna West Nile nyingine. Ukishuka kutoka nyanda za juu zinazopakana na Congo kuelekea Mto Nile wenyewe, kwenye Rhino Camp na Madi-Okollo, nyumba hupungua na nyasi hurefuka. Hata hivyo uchache huo wa watu nao una historia. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, ardhi ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliikodi mwaka 1894. Alipofariki mwishoni mwa 1909 ilirudishwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Katika miaka ishirini wenyeji walibadilishiwa mabwana mara tatu bila wao kuhama hata hatua moja. Katika kipindi hichohicho Theodore Roosevelt alipita kuwinda faru weupe, mwaka 1910, na ramani ikabaki na jina la Rhino Camp: mahali pakakumbukwa kwa wanyama wake kuliko watu wake. Waingereza walipoanza kutawala, waliwaondoa watu kando ya mto kwa ajili ya malale. Mbung'o walikuwa wa kweli na ugonjwa uliua, sibishani na hilo. Lakini pori lililoachwa baada ya watu kuondolewa lilikuja kuelezwa, miongo michache baadaye, kama pori la asili ambalo shule haiwezi kudumu ndani yake.

Nyanda za juu zilipewa kazi tofauti, ya kutoa mikono. Wakati Buganda ilikuwa inalima pamba kwa ajili ya soko, vijana wa Kilugbara, Kialur na Kikakwa walikuwa wanaandikishwa kuwa vibarua wa mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, au askari wa King's African Rifles. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyekaa na Walugbara kuanzia 1949, aliikuta jamii ambayo kwenda kusini kutafuta kazi kulikuwa tayari sehemu ya ukuaji wa kijana wa kiume. Msomaji wa Tanzania atawatambua upesi: ni ndugu wa manamba wa mashamba ya mkonge. Eneo lililotakiwa kutoa manamba halikuhitaji sekondari nyingi, na barabara iliyotakiwa kuwapeleka kusini haikuhitaji kuwa nzuri kwa safari ya kurudi. Reli ilifika Pakwach katika miaka ya 1960 ikaishia hapo, ukingoni mwa eneo. Hadi mwanzoni mwa muongo wa 2020 Arua haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa ya umeme, ikitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak. Chuo kikuu cha kwanza cha umma katika eneo zima, Muni, kilianzishwa 2013, miaka 91 baada ya Makerere. Mark Leopold, katika kitabu chake Inside West Nile cha 2005, alichagua kuisimulia historia hii kinyumenyume, kutoka leo kurudi jana, na mbinu hiyo inasaidia. Kila unapodhani umefikia hali ya asili ya mahali, unakuta nyuma yake uamuzi wa mtu.

Kisha vikaja vita. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, West Nile yote ilihesabiwa mshirika wake, na kuanzia Oktoba 1980 jeshi jipya lililipiza kisasi kwa raia. Mnamo Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa humohumo. Sehemu kubwa ya wakazi ilivuka mpaka kwenda Zaire na kusini mwa Sudan, na watoto wengi wakapata elimu yao huko, baadhi katika shule ambazo wakimbizi walizianzisha wenyewe, kama zilivyosimuliwa na waliowachunguza, Barbara Harrell-Bond akiwa miongoni mwao. Waliporudi kuanzia 1986 walileta Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kifaransa cha darasani, lakini hawakuleta vyeti ambavyo Uganda ingevitambua kwa urahisi. Baadhi ya vijana hao ndio waliojulikana mjini Arua kama Opec Boys, wauza petroli ya magendo waliopanga madumu na chupa kando ya barabara na kupima mafuta kwa mpira na faneli. Mtafiti Kristof Titeca amewaandika kama nguvu ya kisiasa. Mimi nawataja kwa sababu nyingine. Kazi ile ilihitaji kujua bei ya leo ya sarafu tatu, tabia ya kila afisa wa forodha, njia ya msimu wa mvua na njia ya kiangazi, na lugha ya kila mteja. Hiyo ni elimu, nayo ilipatikana kwa uanagenzi mkali. Takwimu za wizara ziliwahesabu kama walioacha shule.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitolewa na miaka ya karibuni, na sidhani umetazamwa ipasavyo. Mwaka 2013 yalifunguliwa makazi ya Lobule, Koboko, kwa wakimbizi kutoka Congo. Vita vya Sudan Kusini vilipofika Equatoria mwaka 2016, Bidibidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa mwezi Agosti na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watu zaidi ya laki mbili na nusu. Imvepi ilifuata Februari 2017, na Rhino Camp ikapanuliwa. Makazi haya yaliwekwa hasa katika zile ardhi za chini zilizosemwa kuwa na watu wachache mno kwa shule. Na shule zikaja! Zilikuja kwanza chini ya maturubai, darasa moja likiwa na watoto zaidi ya mia, kisha zikaja za matofali, zikiwa na visima, vyoo na nyumba chache za walimu. Mwaka 2018 serikali ilizindua mpango wa elimu kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea kwa pamoja. Mtoto mwenyeji ambaye babu yake aliambiwa kwamba kijiji chao ni kidogo mno kupewa mwalimu, leo anasoma katika shule iliyojengwa kwa ajili ya jirani yake aliyefika akikimbia risasi. Kilomita kutoka Kampala hazikupungua hata moja. Kilichobadilika ni nani anayetazama, na fedha zake zinatoka wapi.

Nitajibiwa kwamba umbali ni umbali: mtoto wa kike wa darasa la tano anayetembea kilomita sita kwenda shule hatembei juu ya dhana. Nakubali kabisa. Septemba 2024, daraja la Karuma, lililo kwenye barabara kuu ya kutoka Kampala, lilipofungwa miezi kadhaa kwa ukarabati, West Nile nzima ilikumbushwa jinsi inavyoning'inia kwenye uzi mmoja. Walimu wanaopangiwa vijiji visivyo na nyumba ya mwalimu huondoka, na wana haki ya kuondoka. Ila tofautisha umbali wa mtoto na shule, unaopimwa kwa miguu na kutibiwa kwa kujenga shule, na umbali wa eneo na mji mkuu, ambao hautibiki na kwa hiyo hutumika kuelezea kila upungufu. Wa kwanza ni tatizo la bajeti. Wa pili umegeuka udhuru, na hatari yake ni kwamba hata wenyeji wameupokea. Mzazi anayempeleka mwanawe kwa ndugu aliyeko Kampala “akasome” anakubali kwamba elimu ina makao, na kwamba makao hayo hayapo anapoishi yeye.

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Mtu atasema: unasifu maarifa ya sokoni, lakini maarifa hayo hayasomi wala kuandika. Majaribio ya shirika la Uwezo, yanayofanywa nyumba kwa nyumba tangu 2010, yameonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa Uganda wa darasa la tatu na kuendelea hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na kaskazini si nafuu. Hili siwezi kulipuuza, na sitaki kuingia katika ule mchezo wa kuisifia mitaa ili serikali ipumzike. Tazama basi kwa karibu kinachotokea. Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza makopa siku ya soko upande wa mpakani huhesabu mafungu kwa Kikakwa, humtajia bei mnunuzi kutoka Congo kwa Kilingala au Kiswahili, humjibu dereva wa lori la Juba kwa Kiarabu chake cha kuvunjavunja, na hubadili faranga kuwa shilingi kichwani kabla mteja hajamaliza kutoa noti mfukoni. Jumatatu mtoto huyohuyo huingia darasani. Mtaala wa 2007 unaruhusu lugha ya nyumbani katika madarasa matatu ya kwanza, darasa la nne ni la mpito, na kuanzia la tano kila kitu ni Kiingereza, lugha ambayo hakuisikia sokoni. Mara nyingi hata miaka ile mitatu haifuatwi, kwa kuwa mwalimu anatoka kwingine au vitabu vya lugha hiyo ni haba, na pale ambapo Mkakwa, Mlugbara, Mkuku na Mdinka wameketi benchi moja, “lugha ya nyumbani” ni ya nyumba ipi? Anapofeli, tunasema hajui kusoma. Ni kweli hajui. Lakini hatukujaribu kumfundisha kusoma kwa kutumia uwezo wa lugha alioingia nao.

Hapo ndipo Kiswahili kinapostahili kuzungumzwa kwa utulivu. Gavana Gowers alipendekeza mwaka 1927 kipewe nafasi katika elimu ya Uganda, na pendekezo lake likapingwa vikali, hasa Buganda. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kila mara mjadala hugongana na kumbukumbu ileile: ni lugha ya askari, ya kizuizi barabarani na ya kitako cha bunduki. Kwa mtu wa Luweero, aliyepitia vita vya msituni, kumbukumbu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini isifanywe kumbukumbu ya watu wote wa Uganda. Huku West Nile, kambi ya jeshi ilipokuwa kwa miongo mingi ajira ya kwanza ya kijana, askari alikuwa baba au mjomba, na Kiswahili kilirudi nyumbani pamoja na pensheni. Kilikutana na Kinubi cha mjini, na baadaye na Kiswahili kilichovuka kutoka Ituri, Congo. Hakikuwahi kuchukua nafasi ya Kilugbara wala Kikakwa, wala sipendekezi kichukue. Madarasa ya chini yabaki na lugha za nyumbani, na Kikakwa, kinachosemwa Uganda, Congo na Sudan Kusini, kingeweza kuwa na vitabu vya pamoja kwa nchi zote tatu kama kungekuwa na mtu wa kuziketisha mezani. Kiswahili kingekuwa daraja kwa mtoto wa benchi lenye lugha nne, kuliko kumrusha moja kwa moja kutoka lugha ya mama hadi Kiingereza.

Tangu uamuzi wa 2022, kilio kinachosikika zaidi ni kwamba walimu wa Kiswahili hawapo. Katika fikra za kawaida suluhisho litakuwa kuwafunza walimu Kampala, kisha kuwatuma “mashambani,” na Koboko itawekwa mwisho wa orodha kwa kuwa ni mbali. Naiomba Wizara ya Elimu ianze upande wa pili wa orodha. Vijana wanaokisema Kiswahili kila siku wapo Arua, Koboko na Yumbe. Wengi wao wamekwama kwa kukosa alama za Kiingereza za kuingilia chuo cha ualimu. Wapewe mlango, wafunzwe sarufi, fasihi na ufundishaji, na wakihitimu wengine watumwe kusini.